Simfahamu Mama Huyu

Wiki jana niliwaacha mlangoni kwangu, alfajiri, mama mkwe kanizibia njia na ufagio mkononi, anataka nimweleze ni mwanamke gani mwenye akili timamu anayewaacha watoto hawajaamka akakimbilia mtihani.

Kama hukuwa nasi, nikusogeze upesi. Mimi ni dobi. Kazi yangu ni kufua na kupiga pasi majoho ya mawakili, na siku moja iliniingia akilini kwamba joho lile hata mimi lingenikaa. Wenzangu dukani wakanibatiza jina: Wakili wa Pasi. Mwaka jana nilikwenda kufanya mtihani wa kuingia chuo cha sheria, nikatolewa ukumbini kama mwizi wa kuku kwa sababu simu niliyoisahau kwenye mkoba ililia katikati ya maswali. Na mume wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Mwalimu, alikuwa amefukuzwa kazi kwa kukataa kumwongezea alama mpwa wa mwenye shule. Nyumba nzima ikabaki inaning'inia kwenye pasi yangu.

Hayo ya nyuma. Sasa sikieni yaliyonikuta.

Aliyeniokoa na ule ufagio alikuwa Mwalimu mwenyewe.

"Mama, mpishe," alisema akitokea chumbani. "Wakifunga mlango hawamfungulii mtu."

Mama mkwe akasogea kidogo, kama mtu anayepisha ng'ombe. Nikapita ubavu ubavu.

Mwalimu alikuwa amenyoa ndevu. Ndevu zile amekuwa nazo tangu siku anakuja kwetu kuposa. Kidevu kilikuwa cheupe na kidogo, kama si chake.

"Umepatwa na nini?"

"Joto," akasema. "Lete mfuko nikukague."

Alinikagua kama askari wa mpakani. Mfuko unaoonyesha vilivyomo, upo. Kadi ya mtihani yenye picha, ipo. Kitambulisho, kipo. Penseli za mbao, kifutio kisicho na ganda. Chupa ya maji, nimeibandua karatasi yake.

"Saa?"

"Nimeivua."

"Simu?"

"Iko kabatini. Nimeizima, nikaifunga kwenye taulo."

Akacheka. Kwa wiki nzima alikuwa amenikalisha mezani kila jioni, ananisomea kanuni za siku ya mtihani mpaka watoto nao wakazijua. Mtoto wetu mdogo alikuwa akitaka kwenda chooni ananyoosha mkono kuomba ruhusa.

"Na ukiona jambo lisilo sawa?" aliniuliza.

"Nanyoosha mkono, nasema."

"Usimhurumie mtu. Wewe mwaka jana nani alikuhurumia?"

Nikamwambia basi anisindikize, hata mpaka geti. Akasema hawezi, ana mtoto wa tuisheni upande wa pili wa mji na wazazi wake hawapendi kuchelewa. Akanishika bega, akanisukuma nje kwa upole. Nikaenda peke yangu.

Nilitembea njia ile roho juu juu. Kila hatua nilipapasa mfuko. Kadi ipo. Kitambulisho kipo. Nikipiga hatua mbili, napapasa tena. Mpita njia mmoja aliniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia bado.

Getini watu walikuwa wamejaa. Vijana tupu, nguo za kunyooka, wananong'ona kama wako msibani. Mlinzi akanipekua, akaushika mfuko wangu juu kwenye mwanga, akaurudisha.

"Mama, wewe unamsindikiza nani?"

"Najisindikiza mwenyewe."

Akanitazama, akatabasamu, akanipitisha.

Mlango wa ukumbi mkubwa niliopangiwa ulikuwa umefungwa. Bomba lilikuwa limepasuka usiku juu ya dari na sakafu yote ilikuwa maji. Kijana mwenye kipaza sauti akatangaza kwamba watahiniwa wa ukumbi mkubwa tugawanywe: wengine maabara, wengine maktaba. Mtu aliyeumwa na nyoka hata kamba inamtisha, na mimi niliumwa mwaka jana. Nikajisemea, sasa wataniambia jina langu halimo.

Lakini lilikuwemo. Maktaba.

Msimamizi wa maktaba alikuwa mama mfupi, mnene, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Sauti yake haikupanda wala kushuka. Alichukua kadi yangu, akatazama picha, akanitazama.

"Hapa umesuka."

"Nimefumua."

"Geuka upande. Haya, nitazame. Cheka."

"Nicheke?"

"Kwenye picha unacheka."

Nikajilazimisha kucheka. Sijui nilionekanaje, lakini akanirudishia kadi na kunielekeza kiti cha safu ya tatu, kando ya dirisha. Nikakaa. Nikapanga penseli. Nikashusha pumzi kwa mara ya kwanza tangu ufagio wa mama mkwe.

Nikainua macho, nikaona shati.

Mbele yangu, safu ya pili, alikaa mwanamume mwenye shati la samawati. Mikono ya shati ilikuwa na mikunjo miwili badala ya mmoja, na wa kushoto ulikuwa umepinda karibu na kiwiko. Ulipinda kwa sababu umeme ulikatika nikiwa katikati ya kuupiga pasi, na pasi ilipopata moto tena sikuweza kuunyoosha. Niliona haya kidogo jana yake nilipolitundika kwenye msumari.

Msumari wa chumbani kwetu.

Nikasema moyoni, mashati ya samawati yako mengi duniani. Halafu nikatazama shingo. Nywele zile za kisogoni nazikata mimi mwenyewe, na pale nyuma ya sikio kuna kovu la kuangukia jiwe utotoni ambalo mashine huwa naipitisha kwa uangalifu.

Nikainama, nikajifanya napanga penseli upya.

Msimamizi akaanza kuita majina, kila anayeitwa anaitika. Alipofika safu ya pili akasoma jina ambalo nyumbani kwetu halitajwi bila mtu kusonya. Jina la mpwa wa mwenye shule. Yule yule wa alama.

"Nipo," akasema mume wangu.

Sauti yake ya darasani kabisa. Msimamizi akaweka alama, akaendelea. Alipoita langu, niliona mabega ya lile shati yakiganda. Hakugeuka.

"Nipo," nikasema, na sauti yangu ilitoka kama ya mtoto mwenye mafua.

Tukaambiwa tuandike kiapo. Mtihani ule ndivyo ulivyo: kabla hujagusa swali unanakili maneno kwa mkono wako mwenyewe. Msimamizi aliyasoma polepole ili asiwepo wa kusema hakusikia.

"Nathibitisha kwamba mimi ndiye mtu ambaye jina lake na picha yake vimo kwenye kadi hii. Nathibitisha kwamba nikishuhudia udanganyifu wowote nitatoa taarifa bila kukawia."

Penseli zikaanza kukwaruza. Mbele yangu kiwiko chenye mkunjo uliopinda kilikuwa kinakwenda, kinarudi. Mwandiko wake mzuri, wa ubaoni. Sikuuona, lakini niliujua.

Mimi nilifika kwenye "nitatoa taarifa" penseli ikakatika ncha.

Nikachukua nyingine. Nikamaliza. Nikaweka sahihi yangu chini ya maneno yale, na niseme ukweli: mkono mwingine ulikuwa umeshika ukingo wa meza ili usinyooke wenyewe.

"Fungueni sehemu ya kwanza. Anzeni."

Swali la kwanza lilihusu watu waliokaa kwenye benchi. Mwenye kofia hataki kukaa na mwenye mwavuli, mwenye mwavuli lazima awe karibu na daktari, daktari hawezi kukaa mwisho. Kwa Mwalimu, mezani kwetu, maswali ya namna hiyo nilikuwa nayamaliza huku nimepakata mtoto. Siku ile nilimweka daktari kila mahali, na kila nilipomweka alikuwa na shati la samawati.

Nyoosha mkono, nikajiambia. Watoto je, nikajijibu. Nyoosha mkono. Atafungwa. Ulikula kiapo. Ni baba yao. Dakika zinakwenda na hujamkalisha hata mmoja!

Katikati ya sehemu kifutio chake kikaanguka. Akainama kukiokota, na akiwa amepinda pale chini akatazama nyuma, moja kwa moja machoni kwangu.

Sijawahi kuuona uso ule kwa mume wangu. Haukuwa wa hasira, wala wa haya. Alikuwa ananihesabu, kama anavyoangalia swali gumu.

Akainuka. Akaendelea kujaza.

Hapo ndipo nilipokasirika, na hasira ndiyo iliyonisaidia. Nikamkalisha daktari, nikamkalisha mwenye kofia, nikaanza kujaza miduara kama mtu anayegombana na karatasi. Sehemu ya kwanza nikaimaliza. Ya pili nikaimaliza. Msimamizi aliposema "penseli chini", yangu ilikuwa chini.

Mapumziko. Tukaruhusiwa kwenda kwenye mabomba ya maji nyuma ya jengo, na onyo: asizungumze mtu na mwenzake.

Nilimfuata. Alisimama kwenye bomba la mwisho, maji yanamwagika, hanawi wala hanywi.

"Umefikaje huku?" akanong'ona bila kunitazama. "Wewe ni wa ukumbi mkubwa. Nilihakikisha."

"Ulihakikisha?" nikauliza. "Na yule mtoto wako wa tuisheni hajambo?"

"Punguza sauti."

"Mwalimu, umekaa kwenye kiti cha nani?"

"Unajua ni cha nani."

"Nataka ukitaje."

Akafunga bomba, akalifungua tena. "Mwenye shule amesema Jumatatu narudi darasani. Darasa langu lile lile. Mpwa wake akipita tu huu mtihani, barua ya kunifukuza inachanwa."

"Wewe? Wewe uliyekataa kumwongezea alama tukalala na njaa, nikakusifu kwa watu?"

"Nilikataa," akasema. "Na umeona kilichonipata. Sijui unajua inakuwaje kukaa nyumbani mchana, mama yako mzazi anakuangalia ukimenya vitunguu."

Nilijua. Nilikuwa nimemwona. Ndicho kilichonikata maini.

"Ondoka," nikamwambia. "Sema tumbo limekushika. Ondoka sasa hivi, mimi sijaona kitu."

"Mtu akitoka katikati wanamkagua upya, kadi na sura. Nikimaliza naondoka na kundi. Imebaki sehemu moja, mke wangu. Moja tu."

"Nimeandika kiapo."

"Hata mimi nimeandika," akasema.

Nikamsogelea. Na kabla sijamjibu, sauti isiyopanda wala kushuka ikaja nyuma yetu.

"Nyie wawili. Mna mazungumzo gani hapa?"

Alitupeleka kwenye chumba kidogo kando ya maktaba, wanapoweka vitabu vilivyochanika. Viti viwili vya mbao, meza moja, gundi imekauka kwenye kopo. Mimi na Mwalimu tukasimama upande mmoja wa meza kama siku ile tulipoandikisha ndoa. Msimamizi akaomba kadi zetu, akaziweka mezani bila kuzisoma.

"Naanza na wewe, kaka. Mlikuwa mnazungumza nini na huyu mama?"

Mwalimu akajikohoza.

"Simfahamu mama huyu," akasema. "Aliniuliza imebaki dakika ngapi. Nikamwambia sijui."

Alisema vizuri. Hakumeza mate, hakupepesa jicho. Nimelala na mtu huyu, nimezaa naye, nimemuuguza homa, nimemkata kucha alipovunjika mkono. Simfahamu mama huyu.

Iliniuma, halafu hapo hapo ikanipoa. Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Ananiachia mlango. Kama hanifahamu, mimi simo. Akikamatwa anakamatwa peke yake na mimi narudi kwenye kiti changu. Nikataka kulia kwa jinsi nilivyompenda dakika ile.

Msimamizi akanigeukia.

"Na wewe, mama. Unamfahamu?"

Neno moja tu. Simfahamu. Nilikuwa nalo ulimini. Ningelisema, ningerudi dirishani, ningemaliza sehemu ya mwisho, na siku moja ningevaa joho na kusimama mbele ya watu kuwauliza mashahidi maswali kama lile.

Sikuweza. Msidhani ni ushujaa. Ni kwamba niliona nikirudi kwenye kile kiti kwa neno lile, hata mimi nitakuwa nimefanyiwa mtihani na mtu mwingine.

"Namfahamu," nikasema. "Ni mume wangu."

Mwalimu akafumba macho.

Msimamizi hakushtuka. Alivuta kiti, akakaa, akavaa miwani, na sasa ndipo akaichukua kadi ya Mwalimu akaisogeza karibu na pua. Akaitazama picha. Akamtazama. Akaitazama tena. Kwenye picha kijana asiye na ndevu, mbele yake mtu aliyezinyoa asubuhi ile.

"Kwa hiyo si huyu."

"Si yeye."

"Umejua tangu lini?"

"Ulipoita jina akaitika."

"Ndipo ukaandika kiapo. Ukakaa sehemu mbili nzima."

"Nilikaa."

"Kwa nini hukunyoosha mkono?"

"Ulikuwa mzito," nikasema.

Akairudisha kadi mezani. Nje nilisikia viti vinavutwa, watu wanarudi ndani. Kijana wa kipaza sauti alikuwa anawaambia wakae, vijitabu vinagawiwa.

"Nikifuata kanuni moja," akasema msimamizi, "wote wawili mnatoka getini sasa hivi na mlinzi, na wewe mama husogei tena kwenye mtihani huu maisha yako yote. Mke na mume, chumba kimoja, mmoja kwa jina la uongo. Nani ataamini hamkupanga?"

"Hatukupanga," nikasema. "Bomba ndilo lililonileta."

"Mimi nakuamini. Lakini imani yangu haina muhuri." Akafungua droo, akatoa karatasi nyeupe na kalamu ya wino. "Ipo kanuni nyingine. Aliyeingia kwa jina la mwingine akikiri kwa mkono wake, kwa jina lake halisi, na akaandika kwamba mkewe hakujua mpango wala hakushiriki, basi huyu mama namrudisha kwenye kiti. Kwa kukawia kwake kusema, nitamwandikia onyo tu."

Akaisukuma karatasi mbele ya Mwalimu.

"Sehemu ya mwisho inaanza sasa. Mlango ukishafungwa siufungui, hata angekuwa mama yangu."

Nilipumua. Nadhani hata nilitabasamu. Kama mtu alikuwa tayari kunikana mbele yangu ili anilinde, mistari miwili mitatu itamshinda nini? Tayari ameshajulikana. Hakuna alichobakiza cha kuficha.

"Andika, Mwalimu," nikamwambia taratibu. "Andika nikimbie."

Akaketi. Akaichukua kalamu, akaijaribu pembeni ya karatasi kama anavyofanya siku zote. Akaandika neno la kwanza kwa ule mwandiko wake wa ubaoni.

Mimi.

Kalamu ikasimama.

"Watahiniwa," ikasema sauti kule ndani, "geuzeni vijitabu vyenu."

"Mwalimu!"

Hakunitazama. Alikuwa anakitazama kidevu chake kipya kwenye kioo cha dirisha, anakipapasa kwa vidole viwili.

"Jina langu likikaa hapa," akasema, si kwangu, si kwa msimamizi, "sitafundisha tena popote."

"Jina lako unalo," nikasema. "Mimi nina dakika moja."

Akaiweka kalamu mezani. Aliiweka taratibu, sambamba na ukingo wa karatasi, akaisawazisha kwa kidole. Kisha akainua macho kwa msimamizi na kuzungumza kwa adabu, kwa sauti ile anayoitumia kwa wazazi wa wanafunzi.

"Kabla sijaandika, mama, naomba unisaidie simu. Nizungumze kwanza na mwenye shule."